Sura ya Tano: Debe

"Debe tupu haliachi kuvuma." Methali hii tumezoea kuihesabu pamoja na maneno ya wahenga, na wahenga tunawaweka zamani sana, kabla ya babu wa babu zetu. Lakini umri wake unaweza kukisiwa. Nyumba ya mwaka 1800, iwe ya pwani au ya bara, haikuwa na debe. Ilikuwa na mtungi wa maji, kata ya kuchotea, chungu, kibuyu, kikapu na pakacha, na katika hivyo hakuna kinachopiga kelele ya bati kikigongwa kitupu. Ili methali itungwe, ilibidi kwanza bati jembamba liingie nyumbani, na kilichokuwamo ndani yake kiwe kimekwisha. Kilichokuwamo kilikuwa mafuta ya taa. Nayo mafuta ya taa yatokanayo na visima vya kuchimbwa hayakuanza kusambaa duniani kwa wingi mpaka baada ya 1859, mwaka ambao kisima cha Edwin Drake kule Titusville, Pennsylvania, kilitoa mafuta. Methali yetu basi haijatimiza hata miaka 170.

Ina pacha wake: "Debe shinda haliachi kutika." Hiyo shinda si ya kushinda mchezo wala ya kushinda njaa. Ni neno la kale la kutaja chombo ambacho hakikujaa, kilichobakiwa na kiasi. Mtungi nao huitwa mtungi shinda. Aliyewahi kubeba maji kichwani anaujua ukweli wa methali hii kwa shingo yake. Debe lililojaa hutulia. Lililo shinda huyumba, maji yakapiga upande huu na upande ule, na mbebaji akalowa mgongo kabla hajafika nyumbani. Ndivyo Kiswahili kilivyofanya: kikachukua sifa iliyokuwa ya mtungi wa udongo, kikaivika bati geni lililotoka ng'ambo.

Ukitaka methali ya ulimwengu uliotangulia bati, chukua haba na haba hujaza kibaba. Kibaba kilikuwa chombo kidogo cha nyumbani, na papo hapo kilikuwa kipimo cha nafaka. Kati ya kibaba na debe yapo mageuzi makubwa ya namna watu wa Afrika Mashariki walivyochota maji, walivyopika, walivyoezeka, na zaidi ya yote walivyouziana. Nitayafuata kwa kulifuata neno moja.

*

Debe lilikuja likiwa kifungashio tu. Makampuni ya Marekani, kubwa kupita yote ikiwa Standard Oil ya John D. Rockefeller iliyoundwa mwaka 1870, yalipeleka mafuta ng'ambo katika makopo ya bati ya mraba, kila moja likiwa na galoni 5 za Kimarekani. Makopo 2 yalikaa ndani ya sanduku moja la mbao, masanduku yakapangwa melini. Galoni ya Kimarekani ni ndogo kuliko ya Kiingereza, ndiyo maana chombo cha aina hiyo hiyo kilipofika katika nchi zilizotawaliwa na Waingereza kilihesabiwa kuwa cha galoni 4. Kwa hesabu zote mbili ni lita 18 na ushei.

Mwaka 1892 mfanyabiashara wa London, Marcus Samuel, alijaribu kuuvunja utaratibu huo. Aliunda meli yenye matangi, Murex, akaipakia mafuta ya Urusi yaliyotoka Baku kupitia bandari ya Batum katika Bahari Nyeusi, ikapita Mfereji wa Suez kuelekea Singapore na Bangkok. Hesabu yake ilikuwa nyepesi: mafuta yasafiri bila kopo, gharama ishuke, mnunuzi aje dukani na chombo chake mwenyewe. Wanunuzi wa Asia hawakuja na chombo. Walichokuwa wakikitaka pamoja na mafuta ni lile bati, kwa kuwa mafuta yakiisha kopo la Marekani liligeuka kuwa paa, jiko, ndoo, hata kikombe. Ikambidi Samuel apeleke mabati ghafi na kuanzisha karakana za kutengeneza makopo huko huko Asia. Makopo ya Wamarekani yalikuwa ya buluu. Ya kwake akayapaka rangi nyekundu. Kampuni yake, iliyosajiliwa mwaka 1897, ndiyo Shell.

Nimekieleza kisa hiki kwa kirefu kwa sababu kinamweka mteja maskini mahali pake katika historia. Mafuta yalimhusu, lakini aliyajua kuwa yataisha. Bati lingebaki. Tajiri aliyetaka kumwondolea bati ili amuuzie mafuta kwa bei ya chini alishindwa, akarudi kumpa alichotaka. Na mteja huyo hakuwa wa Asia peke yake. Pwani yetu na bara yetu zilijaa watu wa fikra hiyo hiyo, na kazi ya mikono yao imejaa katika lugha tunayoizungumza.

Tulitazame debe lenyewe. Lina urefu wa sentimita 35 hivi na upana wa sentimita 24 kila upande. Juu lina tundu dogo la kumiminia. Likitoka dukani likiwa tupu halifai kuchotea maji, kwa hiyo huanza kwa fundi. Fundi hukata uso wa juu kwa patasi na nyundo, akizunguka pembeni taratibu, kisha hukunja makali ya bati kuelekea ndani na kuyagongagonga yalale, yasije yakamkata mtu vidole. Halafu hupima kijiti kigumu, unene wa mpini wa jembe, akakikata kilingane na upana wa mdomo. Kijiti hicho hukaa katikati ya mdomo kutoka ubavu hadi ubavu, na misumari hupigwa kutoka nje ya bati hadi ndani ya ncha zake. Huo ndio mshikio. Tone la lami au sabuni huziba mahali panapovuja. Debe sasa ni ndoo.

Ukiwa na madebe mawili ya namna hiyo na ufito mrefu wa kuweka begani, una mzega. Debe moja mbele, moja nyuma, kamba zikining'inia kutoka ncha za ufito. Kwa miaka mingi miji ya pwani ilinyweshwa na watu wa mzega, waliotoka kisimani au bombani kabla ya alfajiri na kupita nyumba kwa nyumba. Kila debe la maji lina uzito wa kilo 18 na zaidi, kwa hiyo bega moja lilibeba kilo 36 mbali na uzito wa bati na mti. Juu ya maji walitia majani mabichi kidogo ili yasimwagike njiani.

Debe likichoka, likatoboka kutu kitakoni, halikutupwa. Lilipasuliwa kwenye maungio, likakunjuliwa na kunyooshwa kwa nyundo, likawa karatasi ya bati ya kuezekea. Nyumba nyingi za Dar es Salaam za katikati ya karne iliyopita, na zile za Pumwani mjini Nairobi, ziliezekwa kwa madebe yaliyokunjuliwa, moja juu ya jingine kama magamba ya samaki, penye makuti pakawa bati. Vipande vilivyobaki mafundi bati walivitengenezea jiko la mkaa, karai dogo, bati la kuparuzia muhogo lililotobolewa kwa misumari, na kile kitaa kidogo cha utambi ambacho Tanzania wanakiita kibatari na Kenya koroboi. Kitaa hicho nacho kiliwashwa kwa mafuta ya taa. Kwa hiyo mafuta yalikuja ndani ya bati, na yakaishia kuungua ndani ya bati hilo hilo.

Na kelele? Kelele nayo ilikuwa na kazi. Mpunga ukianza kuiva, watoto hupelekwa shambani kuamia ndege, na debe bovu ni chombo bora cha kuamia. Nzige walipovamia, kijiji kizima kilitoka na madebe. Nguruwe mwitu na ngedere walifukuzwa kwa madebe usiku kucha. Aliyesema debe tupu haliachi kuvuma alikuwa akimsema mtu mwenye maneno mengi, lakini mkulima wa mpunga alilithamini debe tupu kwa sababu lilikuwa likivuma.

*

Neno lenyewe limetoka Bara Hindi. Kwa Kihindi chombo chenye kifuniko, kiwe cha bati au cha mbao, huitwa dabba au dibba. Kwa Kigujarati, dabbo au dabo. Na kikiwa kidogo kabisa, cha kutilia ugoro, huwa dabbi. Kule kwao ni neno la jikoni kwanza. Kila nyumba ina bati la duara la viungo, ndani yake vibakuli vidogo vya manjano, bizari, pilipili na hardali. Chakula cha mchana cha mfanyakazi huwekwa katika dabba, na mjini Mumbai wako watu ambao tangu karne ya 19 kazi yao ni kuzichukua dabba hizo majumbani, kuzifikisha maofisini na kuzirudisha, huitwa dabbawala. Hata behewa la treni kwa Kihindi ni dibba. Neno lililo na upana namna hii nyumbani kwake lilipovuka bahari likapungua, likabana, likashika chombo kimoja: bati la mraba la mafuta.

Hapo pana swali linalonishughulisha. Mafuta yalikuwa ya Marekani na Urusi. Bati lilitengenezwa na wazungu. Mbona jina ni la Kihindi?

Jibu liko dukani, na ushahidi wake uko kwenye nguo. Wafanyabiashara wa Marekani, hasa wa mji wa Salem, walianza kufika Unguja mapema. Mkataba wao na Sayyid Said ulitiwa saini mwaka 1833, na balozi wao mdogo wa kwanza akafungua ofisi mwaka 1837. Walileta kitambaa cha pamba kisichotiwa rangi, wakasimama nacho wenyewe bandarini, na kitambaa hicho tukakiita merikani. Jina lilimfuata aliyesimama nacho. Mafuta ya taa yalipokuja, miongo kadhaa baadaye, mambo yalikuwa yamebadilika. Biashara ya rejareja ilikuwa mikononi mwa watu wa Kachchh na Gujarat. Nyumba ya biashara ya Jairam Shivji ilikuwa imekodi forodha ya Unguja kwa miaka mingi, Tharia Topan akaikodi baada yake, na Allidina Visram, aliyezaliwa Kera huko Kachchh mwaka 1851, alitandaza maduka kutoka Bagamoyo hadi Uganda kabla ya kufariki mwaka 1916. Mwanamke wa Tabora au wa Kisumu aliyetaka mafuta hakukutana na Rockefeller wala Samuel. Alikutana na mwenye duka, na mwenye duka akaita chombo kwa jina ambalo mama yake alikiita jikoni.

Gunia lilipita mlango huo huo; limetokana na goni, neno la Bara Hindi la mfuko wa katani au juti. Duka, gari, hundi, bima na laki yote yana chapa ya forodha hiyo, ingawa baadhi, kama duka, Wahindi nao waliyapokea kwa wengine kabla ya kutupa sisi. Utaona kwamba ni maneno ya kuuza, kupima, kubeba na kuhesabu. Debe na gunia yanakaa pamoja kwa haki: kimoja hujaza kingine.

Kopo ni hadithi nyingine, na nitaipita haraka. Ni la Kireno, copo, bilauri ya kunywea, neno lililobaki pwani baada ya Wareno kuondoka. Kwetu limekuwa la bati. Kongo, kwa Kiswahili na kwa Kilingala, kopo bado ni cha kunywea, karibu zaidi na maana ya asili.

Kiswahili kilipolipokea debe, hakikulikawiza mlangoni. Kililitia katika kundi la jembe na embe, debe na madebe, kikalipa kidebe na videbe, na majirani wakalichukua kutoka kwetu: Wakikuyu wana ndebe, Waganda wana eddebe. Leo mtoto wa shule ukimwambia kuwa debe ni neno la kigeni atashangaa, na ana haki ya kushangaa, maana limezaa methali, nahau na vipimo kuliko maneno mengi yaliyotangulia.

*

Vipimo ndivyo vilivyonifanya niipe sura hii nafasi kubwa kitabuni.

Kabla ya debe, nafaka ilipimwa kwa vyombo vya ukoo mmoja. Kibaba kimoja kilichukua ratili moja na nusu hivi ya nafaka. Vibaba viwili vilikuwa kisaga, visaga viwili vilikuwa pishi. Na watu waliulizana: kibaba cha mfuto au cha tele? Cha mfuto ni kile kilichofutwa kwa kiganja au kijiti, nafaka ikawa sawa na ukingo. Cha tele ni kile kilichoachwa na kilele chake. Maneno hayo mawili yalitosha kuzuia ugomvi, kwa sababu muuzaji na mnunuzi walikubaliana kabla ya kumimina. Ni msamiati wa watu waliofikiri sana kuhusu haki ya sokoni, na inanisikitisha kwamba vijana wengi hawajawahi kuusikia.

Pishi haijafa. Kila mwisho wa Ramadhani Waislamu wanaozungumza Kiswahili hutoa zakatul-fitri ya pishi moja ya chakula kwa kila kichwa, kwa sababu wanazuoni wetu walivifasiri vipimo vya Kiarabu, saa kuwa pishi na mudi kuwa kibaba. Hesabu ililingana bila kulazimishwa: mudi nne ni saa moja, vibaba vinne ni pishi moja.

Lakini sokoni pishi ilishindwa. Ilikuwa chombo cha kutengenezwa kwa mkono, na pishi ya mji huu haikuwa lazima iwe sawa na ya mji ule. Mfanyabiashara aliyetoka pwani kwenda bara alipaswa kujifunza pishi za njiani kama alivyojifunza lahaja. Debe lilikata yote hayo. Mashine ilikuwa imelitoa kwa kipimo kimoja, na debe lililofika Mombasa lilikuwa sawa na lililofika Ujiji, Jinja au Songea. Kwa mara ya kwanza mkulima na mchuuzi waliokutana siku hiyo hiyo, wasiojuana, wasiosoma, walikuwa na kipimo ambacho hakuna kati yao aliyekitengeneza wala aliyeweza kukibadilisha kwa urahisi. Halikuhitaji kutangazwa na serikali. Watu walilichagua kwa sababu liliaminika.

Tahadhari moja ilihitajika, na wakulima waliijua: debe hupima ujazo, halipimi uzito. Debe la maji ni kilo 18 na ushei. La mahindi makavu ya mfuto halifiki hapo, na la mkaa liko mbali zaidi. Hilo halikuwasumbua maadamu debe lilinunua debe, na mahindi yalishindana na mahindi.

Kutoka hapo debe likaingia kwenye mambo ambayo hayana nafaka. Stendi za mabasi Tanzania zina wapiga debe, vijana wanaoita abiria kwa sauti huku wakipiga ubavu wa gari kwa kiganja, bati likilia. Ukimsifia mtu mbele ya watu ili achaguliwe au aajiriwe, umempigia debe. Kenya wamekwenda mbele zaidi: sanduku la kura kwao ni debe. Mgombea huingia debeni, mshindi hushinda debeni, na magazeti yameendelea kuandika hivyo ingawa masanduku ya siku hizi ni ya plastiki inayoonyesha karatasi zilizomo. Tanzania wamebaki na sanduku la kura. Mimi napenda zaidi la Wakenya, kwa sababu linakumbusha kwamba kura nayo ni kitu cha kupimwa mbele ya watu.

*

Debe la bati lilianza kuondoka kwa sababu ya Vita vya Pili vya Dunia. Jeshi la Uingereza lilikwenda kupigana katika jangwa la Afrika Kaskazini na petroli yake katika makopo yale yale ya galoni 4. Bati jembamba lilipasuka kwenye maungio, petroli ikavuja jangwani kwa kiasi cha kutisha. Wajerumani walikuwa na chombo kingine, cha chuma kizito, cha lita 20, chenye mishikio mitatu, kilichobuniwa miaka ya 1930. Waingereza walikuwa wakikiteka na kukitumia, kisha wakakiiga. Wakakiita kwa jina la utani walilowapa Wajerumani, Jerry, na jina hilo limetufikia: Uganda na Rwanda chombo cha maji cha lita 20 ni jerikani. Hapa tena jina halikutoka kwa aliyekitengeneza. Limetoka kwa aliyekitia mkononi.

Halafu ikaja plastiki. Kenya dumu la njano lililokuwa na mafuta ya kupikia limerithi jina la chombo cha udongo, likawa mtungi. Tanzania ni dumu, na chenye mdomo mpana ni ndoo. Lita zimetoka 18 zikawa 20. Na katika masoko ya nafaka, ya nyanya, ya viazi na ya mkaa, ndoo hiyo ya plastiki ya lita 20 inaitwa debe. Bati limekwenda na jina limebaki.

Chini ya debe vimeota vipimo vidogo kwa njia ile ile. Tanzania kuna sado, kutokana na makopo ya rangi ya Sadolin yaliyobebeshwa nyanya na maharage. Kenya kuna gorogoro, kopo lililokuwa la mafuta ya kupikia la kilo 2, ambalo leo ndilo linalomwambia mama wa Kisumu au Nakuru kama unga wa wiki utatosha. Haya ni maneno ya kweli yenye historia ya kweli, na watunga kamusi wayape nafasi kamili, wakieleza yametoka kwenye kopo gani.

Ila kuna jambo limeharibika, na sioni sababu ya kulificha. Debe lilipata heshima kwa kuwa sawa kila mahali. Ndoo za plastiki si sawa. Kuna za lita 20, kuna zinazoitwa za 20 zikazidi, na plastiki ikitiwa maji ya moto hutanuka. Hata kwenye bati hila ilikuwepo: kitako kikigongwa kutoka ndani, debe huzidi, kikigongwa kutoka nje, hupungua. Mnunuzi anayekwenda shambani hubeba debe lake, na analipima kwa tele huku akilipa bei ya mfuto. Mkulima akiuliza, huambiwa debe ni debe. Kwenye magunia mchezo huo unaitwa lumbesa, na Wakala wa Vipimo wa Tanzania umekuwa ukipambana nao; kwenye debe haujapata hata jina, ndiyo maana hausemwi. Jina lililojengwa na uaminifu wa bati linatumika sasa kumnyonya yule yule ambaye mikono yake ililigeuza bati kuwa ndoo, paa na taa.

Kwa hiyo nawaomba wanaouza mazao: rudisheni mfuto na tele kwenye midomo yenu. Ukitajiwa bei ya debe, uliza ni la lita ngapi, ni la mfuto au la tele, na likiwekwa kwenye mizani ni kilo ngapi, kabla mkono wa mtu haujagusa nafaka yako. Na vyama vya ushirika ambavyo bado vinapokea mahindi ya wanachama kwa ndoo vinunue mizani kabla ya msimu ujao.